KOMPYUTA ILIYOACHWA BILA MLINZI
Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri ameniomba nieleze kazi yangu. Nimeona ni bora nieleze kosa letu moja, maana lilinifunza mengi.

Nilipomaliza shule nilipata kazi katika ofisi ndogo ya kuchora ramani za nyumba hapa Mpanda mjini. Tulikuwa na kompyuta moja. Programu yake ya kuchorea ilikuwa AutoCAD ya 2016, nayo ilitegemea mfumo endeshi uitwao Windows 7.

Labda mtauliza, mfumo endeshi ni nini? Fikirini reli yetu itokayo Kaliua. Programu ni kama behewa, na mfumo endeshi ndio reli. Behewa, hata likiwa zuri namna gani, haliendi pasipo reli. Na reli yataka wakaguzi. Wakaguzi wakiondoka, treni haisimami siku ile ile; huenda ikapita salama mwaka mzima. Lakini mvua ikila tuta, hakuna wa kuliziba.

Ndivyo ilivyokuwa Windows 7. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea viraka vya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Kiraka ni programu ndogo ya kuziba tundu ambalo wezi waweza kupitia. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hata za hospitali za Uingereza. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi, lakini wengi hawakukitia. Sisi tulikuwa pabaya zaidi, kwani viraka vyenyewe vilikuwa vimekoma.

Nilimweleza mkuu wangu. Akasema, "Mwanangu, mashine inachora. Waisumbua ya nini?" Nikanyamaza.

Siku moja mteja alileta flashi tumchapie karatasi. Kesho yake hakuna ramani iliyofunguka. Mojawapo ilikuwa ya mama mjane wa Makanyagio, aliyekuwa akiingojea ili aombe kibali cha ujenzi. Hatukuwa na nakala. Nilichora upya kwa siku tisa, nikifuata karatasi ya kwanza aliyokuwa nayo, na mvua zikaanza kabla hajachimba msingi. Hakutukana. Aliuliza tu, "Kwani hamkujua?" Swali hilo lanichoma hata leo, maana mimi nilijua.

Mfumo mpya nao waweza kudhurika. Kwa hiyo sasa tunashika kanuni hizi. Kila Ijumaa tunaweka nakala za ramani katika diski inayofungiwa kabatini. Mashine ile ya zamani haiunganishwi na intaneti, wala haipokei flashi isiyokaguliwa kwanza kwenye mashine nyingine. Tena, AutoCAD ya 2016 haifungui ramani zilizohifadhiwa kwa muundo wa 2018. Basi twamwomba aletaye ahifadhi kwa muundo wa 2013. Nasi tunadunduliza fedha za mashine mpya.

Wazazi, mnaponunua kompyuta iliyotumika, msiulize bei tu. Ulizeni pia mfumo wake. Hata Windows 10 iliondolewa katika huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Asiye na fedha anaweza kutumia Linux pamoja na LibreCAD. Zote mbili hupatikana bure.

Nanyi wanafunzi, mkijua hatari, semeni mara ya pili na ya tatu, kwa adabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.