Kompyuta na Piano Zikikosana

Umewahi kusikia kwaya ikiimba sawasawa, kisha piano ikiingia watu wanakunja nyuso? Hayo yalitupata muhula uliopita. Nyimbo tulijifunza kwa kompyuta, kwa programu ya MuseScore toleo la 3, halafu tukaenda kuimba na piano kuukuu. Tukawalaumu watu wa sauti ya nne bure!

Kumbe kisa ni noti A. Tangu mkutano wa London wa 1939, noti hiyo hupewa mitetemo 440 kwa sekunde, na kompyuta hufuata hivyo. Lakini piano isiyokazwa nyuzi miaka mingi hushuka. Yetu ilikuwa karibu 434. Utasema, si mngeshusha wimbo nusu toni? Wapi! Nusu toni ingetupeleka 415, tupitane tena.

Dawa ni hii. Fungua View, kisha Synthesizer, utafute palipoandikwa 440. Futa, andika namba yako, ubonyeze Change Tuning. Usipobonyeza hapo hakuna kitakachobadilika (mimi nilisahau mara mbili).

Namba yenyewe utaijuaje? Piga A ya piano huku kompyuta ikishikilia A hiyo hiyo. Zikiachana kidogo utasikia sauti ikitikisika, wau-wau-wau. Mitikisiko sita kwa sekunde ni tofauti ya mitetemo 6. Shusha polepole mpaka itulie kabisa. Halafu bonyeza Save to Score, la sivyo kesho utaikuta 440 inakungoja.