Usingoje maumivu ndipo umwone daktari

Watu wengi hupima uzito wa ugonjwa kwa maumivu. Jino likiuma usiku kucha, mtu hudamka alfajiri kwenda kutafuta matibabu. Lakini akigundua uvimbe mdogo usiouma kwenye titi, au damu kidogo katika mkojo, hungoja miezi akitumaini kwamba hali itajirekebisha yenyewe. Hapo ndipo penye hatari, kwani magonjwa kadhaa mabaya huanza polepole bila kuuma hata kidogo.

Yafaa basi msomaji ajiulize maswali mawili: Hali hii imeendelea kwa muda gani? Na je, ni jambo geni katika mwili wangu?

Tuchukue kikohozi. Mafua ya kawaida hupungua kwa wiki moja au mbili. Kikohozi kilichozidi wiki mbili chahitaji uchunguzi, hasa kikiandamana na homa, jasho jingi usiku na kukonda. Huenda ikawa ni kifua kikuu. Makohozi hupimwa, na ugonjwa ukipatikana, dawa hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, kwa kawaida kwa miezi sita. Anayechelewa huharibu mapafu yake na kuwaambukiza jamaa wanaolala naye chumba kimoja.

Kukonda bila sababu pia kusipuuzwe. Ikiwa hujapunguza chakula wala kuanza mazoezi, na katika miezi sita hadi 12 umepoteza asilimia 5 ya uzito wako, nenda ukapimwe. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kilo tatu na nusu tu. Asiye na mizani na autazame mshipi wake. Kukonda pamoja na kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari, ambacho huweza kupimwa kwa tone la damu ya kidole. Pia ni vyema kupimwa virusi vya Ukimwi.

Chakula kikianza kukwama kifuani, kwanza nyama na ugali, kisha hata uji, usikae nyumbani ukidhani ni vidonda vya tumbo. Saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, ni miongoni mwa saratani zinazowapata Wakenya wengi.

Damu ni onyo hata ikionekana mara moja tu. Katika mkojo yaweza kuletwa na kichocho, mawe ya figo au saratani ya kibofu. Choo cheusi kama lami chaweza kuwa ishara kwamba tumbo linavuja damu. Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu tena, asiseme ni ujana umerudi.

Kuna dalili ambazo hazingoji hata kesho: kifua kubana ghafla, kukosa pumzi, mdomo kupinda au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Mgonjwa kama huyo apelekwe hospitali saa iyo hiyo.

Mazoea ya kukimbilia duka la dawa kila siku hayasaidii. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwani si kila homa ni malaria. Nazo tembe za maumivu kama diklofenaki zikitumiwa ovyo huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kukua.

Kabla ya kwenda kliniki, andika tarehe dalili ilipoanza, inavyobadilika, na dawa zote ulizotumia, zikiwamo za mitishamba. Usimfiche daktari lolote. Vipimo visipoonyesha kitu na dalili iendelee, rudi tena.

Mara nyingi utaambiwa ni jambo dogo: upungufu wa damu, kukosa usingizi au mawazo mengi. Utakuwa umepoteza asubuhi moja kwenye foleni. Lakini uvimbe uliogunduliwa ungali mdogo ni rahisi zaidi kutibu kuliko ule uliokwisha kuenea. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.