Kutoka Bafwasende hadi Kisangani kutafuta tatuaje: chui anayerudi akiwa mchoro wa simu

Kijana wa Bafwasende anayetaka tatuaje nzuri hana budi kusafiri. Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo, uko zaidi ya kilomita 250 upande wa magharibi, kwa barabara ya taifa nambari 4, ile inayopita Bafwaboli, Bafwasende na Nia-Nia kabla ya kuelekea Mambasa, Komanda na Beni. Barabara ikiwa kavu, pikipiki inaweza kumfikisha kwa siku moja. Mvua ikinyesha, potopoto ndiyo inaamua.

Hesabu ya mwisho wa juma ni rahisi: kutoka Ijumaa alfajiri, kuchorwa Jumamosi, kurudi Jumapili. Katika simu amehifadhi picha za kumwonyesha mchoraji: waridi, msalaba, jina la mama, mabawa, na mara nyingi kichwa cha chui kilichofungua mdomo. Michoro hiyo imetoka mbali, Marekani au Japani, na imepita mikono ya maelfu ya watu kabla ya kufika kwake.

Lakini huyo anayekwenda mbali kutafuta mchoro wa ngozi anatoka katika moja ya sehemu za Kongo ambako ngozi ilikuwa na maandishi yake tangu zamani, na ambako chui hakuwa pambo. Yeye mwenyewe huenda halijui hilo, na kosa si lake.

Mambela: alama iliyopatikana kwa maumivu

Wabali, au Babali, ndio kabila linalojulikana zaidi katika historia ya wilaya ya Bafwasende. Zamani mvulana wa Kibali hakuhesabiwa kuwa mwanaume mpaka apitie Mambela. Ilikuwa shule ya porini na sherehe ya jando kwa pamoja. Vijana walitengwa, walifundishwa siri, walichapwa viboko ili wajifunze kuvumilia, na walichanjwa chale. Aliyerudi kijijini alirudi na alama mwilini, na alama hiyo ilisema bila maneno kwamba mtu huyu amepita mahali ambapo wengine hawajapita.

Kwa nini chale na si wino? Sababu moja ni ya ngozi yenyewe. Wino wa tatuaje unakaa chini ya tabaka la juu la ngozi, na jicho linauona kupitia tabaka hilo. Kwenye ngozi nyeusi sana mistari myembamba na rangi nyepesi hupotea. Kovu lililoinuka halina shida hiyo, kwa kuwa linashika mwanga upande mmoja na kutupa kivuli upande mwingine, tena mtu anaweza kulisoma hata kwa vidole. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Kongo, kuanzia Wamangbetu wa kaskazini hadi Waluba na Watabwa wa kusini-mashariki, ilikuza ufundi wa nembo za makovu. Fundi aliinua ngozi kwa ndoano au kwa vidole, akakata kidogo kwa wembe wa chuma, kisha akapaka masizi au maji ya mmea ili kovu liinuke vizuri. Kukata sana kuliharibu, kukata kidogo hakukuacha kitu. Huo ni ustadi wa mkono, na mchoraji yeyote wa leo mwenye mashine angeutambua mara moja.

Majina ya mafundi hao wa Mambela hayakuwekwa popote. Wazungu waliopita katika misitu hii mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika majina ya vituo, mito na ndege. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York kuanzia 1909 hadi 1915, walipita Avakubi kando ya mto Ituri na kurudi na maelfu ya picha za kaskazini-mashariki ya Kongo. Katika picha za aina hiyo mwili uliopambwa unaonekana wazi, aliyeupamba haonekani.

Chui aliyepelekwa Tervuren

Serikali ya Wabelgiji haikuiangalia Mambela kama sanaa. Iliiunganisha na Anioto, watu-chui, wauaji waliojifunika vazi la gome la mti lenye madoa na kutumia makucha ya chuma ili mauaji yaonekane kama ya mnyama. Hofu ya Anioto ilikuwa ya kweli, na waliouawa walikuwa wanakijiji, wakiwemo wanawake na watoto. Katika miaka ya 1930 wakoloni waliwanyonga hadharani watu waliohukumiwa kwa kosa hilo. Mtafiti wa Ubelgiji Vicky Van Bockhaven, aliyepekua nyaraka za wakati huo, ameonyesha kwamba nyuma ya mauaji hayo kulikuwa na vita vya madaraka: machifu waliopangwa upya na serikali, wapinzani wao, na watu waliokataa utawala mpya. Kwa maneno mengine, ilikuwa siasa, ingawa iliandikwa kama ushenzi.

Mtu mwenye alama za jando alijikuta katika hali ngumu. Kitu kilichokuwa heshima yake mbele ya wazee kilimfanya atiliwe shaka mbele ya afisa wa serikali.

Na tayari chui wa Wabali alikuwa amepewa sura nyingine Ulaya. Mwaka 1913 mchongaji wa Ubelgiji Paul Wissaert, kwa kazi aliyopewa na wizara ya makoloni, alitengeneza sanamu ya mtu-chui aliyejifunika uso, makucha mkononi, akimwinamia mtu aliyelala. Sanamu iliwekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Baadaye mchoraji Hergé alimtumia mtu-chui huyo katika hadithi ya Tintin nchini Kongo, iliyoanza kutolewa gazetini mwaka 1930. Watoto wa Ulaya wa vizazi kadhaa walimfahamu Anioto kabla ya kujua kama kuna mahali panaitwa Bafwasende.

Hadithi ya alama kugeuka hatari ilijirudia mwaka 1964. Wapiganaji wa Simba, walioiteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwezi Agosti mwaka huo, walichanjwa chale na kupakwa dawa ili risasi zigeuke maji. Baada ya jeshi kurudi, chale hizo hizo zingeweza kumtambulisha mtu kama mwasi. Kuna familia katika eneo hili ambazo mpaka leo hazipendi mtoto ajikate ngozi, na si lazima iwe ni kwa sababu ya dini. Dini nayo ipo, bila shaka: wahubiri wengi hufungua Walawi 19:28 na mjadala unaishia hapo. Mjini linaongezeka jambo la tatu, yaani tatuaje shingoni au usoni inatosha kumfanya kijana aitwe kuluna hata kama ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani.

Mafundi wa kufuatwa

Anayependa tatuaje huwa na orodha ya mafundi anaowahusudu. Kwa kijana wa Bafwasende, orodha hiyo ingeweza kuanza na Wakongomani ambao hawajawahi kushika mashine ya tatuaje.

Wa kwanza ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika kazi yake ya 2015 aliyoipa jina la Kifaransa lenye maana ya vyama vya siri, iliyoonyeshwa Venice mwaka huo huo, alichukua nembo za ngozi zinazoonekana katika picha za wakoloni na kuziinua juu ya bamba za shaba. Shaba ni ya Katanga, na nembo ni za watu ambao wengi wao walipigwa picha bila kuulizwa majina. Mchoro unasimama peke yake, bila mwili. Mchoraji wa tatuaje anayetaka kuelewa jinsi nembo ya Kongo inavyojengwa, kwa nukta zinazorudiwa, mistari inayokwenda sambamba na nafasi tupu inayoachwa makusudi, atajifunza mengi hapo kuliko katika picha mia za mtandaoni.

Wa pili ni Eddy Kamuanga Ilunga wa Kinshasa, aliyezaliwa 1991. Watu anaowachora, wengi wao wakiwa na umbo na nywele za Wamangbetu, wana ngozi iliyojaa mistari ya vyuma vya ndani ya kompyuta. Makovu ya kale yamegeuka njia za umeme, na nyuma ya umeme huo kuna koltani ya mashariki. Hakuna tatuaje inayosema zaidi kuhusu Kongo ya leo.

Wa tatu ni Chéri Samba. Mchoro wake wa 2002 kuhusu jumba la Tervuren unaonyesha Wakongomani wakiivuta nje kwa kamba sanamu ya mtu-chui, huku wafanyakazi wa jumba wakiivuta ibaki ndani. Jumba lilipofunguliwa upya mwezi Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano, sanamu ya Wissaert ilikuwa imeondolewa kwenye maonyesho ya kawaida na kuwekwa chumba cha chini pamoja na nyingine za aina yake. Mtalii bado anaweza kuiona. Mbali iliyokwenda ni ngazi chache tu.

Na Kisangani kwenyewe kuna Faustin Linyekula, mcheza dansi aliyehamishia Studios Kabako mjini humo mwaka 2006. Yeye hafanyi kazi ya wino wala wembe. Lakini kwa miaka mingi amekuwa akisisitiza kwamba pale vitabu vinaponyamaza, mwili ndio nyaraka. Kwa mji ambao makaratasi yake mengi yaliteketea katika vita, hilo si neno la kishairi.

Jumamosi: sindano kwanza, mchoro baadaye

Turudi kwa msafiri wetu. Asiyejua pa kuanzia mjini huanza kwa kinyozi, naye humpeleka kwa mtu anayemjua. Mashine atakayoikuta ni mjukuu wa ile aliyoiandikishia haki Mmarekani Samuel O'Reilly mwaka 1891 New York, aliyoitoa katika kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Inapiga sindano juu na chini haraka sana na kuacha wino milimita moja hadi mbili ndani ya ngozi. Ikizidi hapo wino husambaa na kovu huanza. Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, kwa hiyo aliyewahi kupata kovu la namna hiyo, hata kwa kutoboa sikio, afikiri mara mbili.

Swali la msingi halihusu bei. Ni sindano. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, katika tone la damu lisiloonekana kwa macho. Aina ya C na virusi vya UKIMWI navyo hupita kwa njia hiyo ya damu. Sindano lazima itoke kwenye pakiti iliyofungwa, na ifunguliwe mbele ya mteja. Wino umiminwe katika kifuniko kidogo kwa ajili yake peke yake, na kilichobaki kimwagwe. Kurudisha wino kwenye chupa ni kurudisha damu ya mtu kwenye chupa. Kuchovya sindano iliyotumika katika pombe au kuipitisha kwenye moto wa kiberiti hakutoshi. Vifaa vya chuma vinavyorudiwa hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121 kwa muda usiopungua dakika 15, na mchoraji asiye na chombo hicho anapaswa kutumia vya kutupwa. Anayeudhika kwa maswali haya ameshajibu.

Haya hayahusu mashine peke yake. Wembe mmoja unaochanja chale za dawa kwa watoto watano wa familia moja una hatari ile ile, na huo haujatoka Kisangani.

Chanjo ya homa ya ini ya B ipo. Mtu mzima huchomwa mara tatu, kwa kawaida ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi 6. Hiyo ina maana kwamba safari ya tatuaje ingepaswa kuanza katika kituo cha afya nusu mwaka kabla ya kupanda pikipiki, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya.

Kuhusu mchoro, kichwa cha chui hakina ubaya. Kimo katika nembo ya taifa tangu 2006, na timu ya taifa ya kandanda inaitwa kwa jina lake. Lakini mwenye babu au bibi aliye hai mwenye alama kifuani au mkononi ana kitu ambacho simu haina. Anaweza kumwomba ruhusa, akazinakili kwenye karatasi, akauliza kila mstari una maana gani na upi haufai kuonyeshwa. Alama za Mambela zilitolewa kwa masharti, na wapo wazee watakaokataa. Hapo karatasi ibaki tupu. Wakikubali, mchoraji wa Kisangani atakuwa na kazi ambayo hajaifanya kwa mteja mwingine yeyote, na mistari minene ya nukta nyeusi ndiyo inayokaa vizuri zaidi kwenye ngozi yetu.

Jumapili: jeraha barabarani

Sehemu mbaya ya mpango wa siku tatu ni kurudi. Tatuaje mpya ni jeraha wazi, na ngozi ya juu huhitaji wiki mbili hadi nne kufunga. Jumapili asubuhi jeraha hilo lina saa zisizofika 24, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 250 za vumbi, jasho, mkanda wa mfuko begani na matope yanayorushwa na gurudumu la mbele. Mguu na kifundo ndivyo vinavyoumia zaidi kwa mpanda pikipiki. Sehemu ya juu ya mkono, chini ya shati safi la pamba lenye mikono mirefu, ina nafuu.

Anayeweza kubaki kwa ndugu mjini siku mbili tatu, abaki. Asiyeweza, aoshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa na sabuni isiyo na manukato, akaushe kwa kitambaa safi, na asioge mtoni Lindi mpaka maganda yaishe, hata kama joto linamsukuma. Wekundu unaosambaa, usaha, harufu au homa baada ya siku ya tatu ni mambo ya munganga, siyo ya mchoraji.