Kabla Hujampa Muuza Njugu Lile Sanduku la Katuni

Mwezi uliopita dadangu alinipigia simu kutoka nyumba ya wazee. Mafundi wa rangi washafika, chumba cha nyuma chatakiwa kitolewe vitu, na muuza njugu wa pale barazani ameshakuja na mizani yake. "Kaka, yale makaratasi ya ami yafika kilo kumi na mbili. Nimpe?" Nikaiacha chai mezani, nikaita tuktuk.

Makaratasi yenyewe ni majarida ya katuni. Marehemu ami alikuwa baharia, na kila akirudi safari alikuwa na kanda za taarabu, manukato, na vitabu vya picha vya kutunyamazisha watoto. Watoto tulikua, vitabu vikabaki katika sanduku la bati. Mimi ndiye niliyeendelea kuongeza, kimoja kimoja, kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya barabara. Wengi mwaniuliza mtu mzima mwenye ndevu atafuta nini humo. Leo nijibu.

Nianze na kile kilichonivutia tangu nikiwa chuoni nasoma juzuu: Superman wa Kiarabu. Kuanzia mwaka 1964 alichapishwa Beirut, na kwa kuwa Kiarabu husomwa kutoka kulia, hadithi nzima yaanzia upande ambao kwetu ni mwisho wa kitabu. Clark Kent, yule mwandishi wa gazeti ambaye akivua miwani huwa Superman, humo aitwa Nabil Fawzi. Nilikuwa nazijua herufi lakini maana siipati, basi picha ndizo zilizonifasiria. Pia kuna nakala kadhaa za Majid, jarida la watoto la Abu Dhabi lililoanza 1979. Humo mna bwana mmoja aitwaye Fadhuli ambaye hufichwa kati ya picha umtafute. Jina lake lina asili moja na neno letu "fidhuli", ila kwa Waarabu ni mtu wa kupekuapekua mambo ya watu. Kila mtaa unaye.

Chini yake kuna Commando za Uskoti, zile ndogo za kutosha mfukoni, zinazotolewa Dundee tangu 1961, kila moja na kisa chake cha vita. Halafu kuna Spear. Wazee wa miaka ya sitini wakilisikia jina hili hutabasamu. Hadithi zake hazikuchorwa. Zilipigwa picha kwa kamera, watu halisi wakiigiza, na maneno yakaandikwa juu ya picha. Lance Spearman alikuwa mpelelezi mweusi, kofia kichwani, tai ya kipepeo shingoni, katika jarida la African Film lililotolewa na wenye Drum. Kwa kijana wa wakati ule, aliyezoea kuona shujaa ni Mzungu na Mwafrika ni mbeba mizigo, lilikuwa jambo kubwa.

Vya kwetu zaidi ni Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno. Pichadithi za Hirst huyohuyo, mojawapo ikiwa ya Abunuwasi wetu. Na SANI za Dar es Salaam, za kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Nikilazimishwa kubaki na kimoja, nitabaki na SANI.

Sasa lile swali la pesa, maana najua ndilo linalosubiriwa. Ni kweli kuna vitabu vya katuni vyenye bei ya kutisha. Action Comics namba 1 ya Juni 1938, alimotokea Superman mara ya kwanza, iliuzwa senti 10 za Marekani. Mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Lakini sababu si uzee. Watoto waliisoma ikachanika, mama zao wakazitupa, na wakati wa vita vya pili karatasi zikakusanywa zitumike upya. Zilizopona ni chache mno. Linganisha na X-Men namba 1 ya mwaka 1991: zilitoka zaidi ya nakala milioni 8, na kila mtu akaiweka akiba akingoja utajiri. Leo waipata kwa dola chache tu. Diploma yangu ni ya ugavi na kazi za ghala, na hata huko twafundishwa hivyohivyo: bidhaa ambayo kila ghala inayo haina bei.

Uzima wa nakala nao hupimwa. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni ya Marekani, CGC, inayotoa alama hadi 10 kisha kukifungia kitabu ndani ya plastiki ngumu. Kikishafungwa hakisomeki tena. Mimi naona ni sawa na kununua mahamri ukayatia kwenye fremu, lakini wenye pesa zao wana yao.

Vya ami havina bei hiyo, tusidanganyane. SANI kuukuu zimekuwa adimu, lakini anayezitafuta pia ni adimu. Thamani yake ni nyingine. Humo mna Kiswahili cha barabarani kama kilivyosemwa wakati ule, matusi yake ya kistaarabu, mitindo ya nywele, foleni, ulevi, tamaa za mjini. Kamusi haikuyaweka yote hayo. Na jarida la kusomwa na kutupwa hakuna aliyeliweka kama anavyoweka kitabu. Likishafungiwa njugu, basi.

Pwani yetu nayo haina huruma na karatasi. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake mna kitu kinachogeuka asidi kikipata mwanga na hewa. Ndiyo maana huwa ya manjano, kisha hukatika kama biskuti. Ongeza unyevu wetu, na pini za stepla hupata kutu ikatoboa kurasa za katikati. Sanduku la bati ambalo ami aliliamini lilikuwa likitoa jasho ndani kila msimu wa mvua. Nilipolifungua siku ile, mchwa walikuwa wameingia kwa kona iliyooza. SANI tano zilikuwa udongo.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Nikiwa na miaka kumi na mbili niliziunga Spear zilizochanika kwa selotepu. Gundi imegeuka rangi ya chai ya rangi na imekula maandishi. Usitie selotepu, wala usipeleke kutiwa leminesheni. Chomoa pini zenye kutu polepole kwa kisu butu. Weka kila nakala kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta, si ile ya PVC inayonuka, na usimamishe vitabu wima ndani ya boksi lililo juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya hunyonya unyevu, usivitupe. Na wanawake wa nyumbani mnisamehe, moshi wa udi usifukizwe chumba hicho.

Muuza njugu nilimpa magazeti ya mwaka jana, kilo zilezile, na akanipa pakiti mbili bure. Zilizopona nimezihamisha kwangu, na jioni nazipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Kuna SANI moja ambayo Lodi Lofa ameachwa katikati ya mkasa, kurasa mbili za mwisho zimeliwa. Mwenye SANI za zamani nyumbani kwao, hata kama hauzi, aniambie. Nitakuja na simu yangu nipige picha na kuondoka.