UOVU ULITOKA WAPI?

Matangani kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mtoto amekufa kwa malaria. Mama yake anauliza, "Mbona Mungu aliruhusu?" Mmoja anamjibu haraka, "Ni mapenzi ya Mungu, mama, nyamaza." Mwingine ananong'ona kando ati kuna jirani mwenye jicho baya.

Majibu haya mawili yameumiza watu wengi. Wacha basi tuangalie imani yetu inafundisha nini.

Mungu hakuumba uovu

Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kuwa Mungu alitazama kila alichokiumba akaona ni chema sana. Uovu unaingia baadaye, katika sura ya 3, pale mtu anapotumia hiari yake kumwasi Muumba. Hata nyoka anayemshawishi ni kiumbe tu, hakuna mungu wa pili.

Mwafrika mmoja alihangaika na jambo hili miaka mingi. Ni Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kwa karibu miaka 9 alifuata dini ya Mani, iliyosema kwamba tangu mwanzo kuna nguvu mbili zinazopigana, ya nuru na ya giza. Baadaye aliiacha, akabatizwa mwaka 387, kisha akawa Askofu wa Hippo. Alifundisha kwamba uovu ni upungufu wa wema. Hauwezi kusimama peke yake.

Tuseme una shati lenye tundu. Fundi hakushona tundu, alishona shati. Tundu ni mahali ambapo shati limeharibika, na bila shati hakuna tundu. Vivyo hivyo pesa ni kitu chema, lakini mtu akizipenda kuliko jirani yake, ataiba hata dawa za zahanati. Hapo wema umetobolewa.

Kwa nini Mungu asituzuie? Kwa sababu alitaka tumpende, na upendo wa kulazimishwa si upendo. Aliye huru kutenda mema anaweza pia kuyakataa.

Je, anayeteseka ameadhibiwa?

Rafiki za Ayubu walifikiri hivyo, na mwisho Mungu aliwakemea. Katika Luka 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu.

Sisi nasi tuna Siloamu yetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Maji yakabeba nyumba na watu zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto. Ni nani atathubutu kusema walikuwa wenye dhambi kuliko sisi? Na tukisema tu "mapenzi ya Mungu", hakuna atakayeuliza juu ya ukuta wa bwawa na nani alipaswa kuukagua.

Kumtafuta mchawi ni hatari vilevile. Mwezi wa Mei 2008, sehemu za Kisii, watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake, waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Waliochoma walidhani wanaondoa uovu kijijini, kumbe wao ndio waliouleta.

Kuna mateso mengine, kama ukame au mtoto kuzaliwa mgonjwa, ambayo hatuwezi kuyaeleza yote kwa hiari ya mtu. Hapa Mkristo hana aibu kusema, "Sijui." Ayubu mwenyewe hakuambiwa sababu ya mateso yake.

Je, uovu una kusudi?

Mtakatifu Irenei, Askofu wa Lyon katika karne ya 2, alifundisha kwamba mtu aliumbwa kama mtoto mchanga anayepaswa kukua, na magumu ya dunia humkomaza. Mafundisho hayo yana faida, lakini tuyatumie kwa uangalifu. Usimwambie mama aliyefiwa kwamba mwanawe alikufa ili yeye akomae.

Habari za Yusufu zinatusaidia zaidi. Ndugu zake walimwuza, na tendo lile lilibaki kuwa ovu. Hata hivyo Mungu aliligeuza, watu wengi wakapona njaa. Msalabani ni vilevile: kumwua Yesu kulikuwa uovu mtupu, lakini Mungu alitoa humo uzima. Mungu haleti ubaya ili apate wema, ila hakuna ubaya unaoweza kumshinda.

Kwa hiyo ukienda matangani, kaa kimya na waliofiwa, chota maji, pika chai. Wakati wa kuuliza ukifika, uliza yale tunayoweza kurekebisha: je, watoto wanalala ndani ya neti? Zahanati ina dawa? Kisima kimefunikwa? Kazi hizo nazo ni kupigana na uovu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Hapa kwetu, ni mateso gani tunayoyaita mapenzi ya Mungu ilhali yanaletwa na uzembe wa watu?

2. Kuna mzee au mama anayetengwa kwa kushukiwa uchawi? Ni nani atamtembelea juma hili?

3. Tutafanya nini pamoja kabla ya mvua kuanza?