Lualaba haichezewi: somo la siku moja katika maji makali

Mchimbaji akitoka Kalima, mwisho wa barabara anafika Alunguli. Mbele yake iko Lualaba, na ng'ambo ni Kindu, bibi na watoto wanamungojea. Anaweka kifuko chake ndani ya mtumbwi, anakaa kati ya bidoni na mifuko, mpiga kasia anasukuma. Pesa ya kazi iko mfukoni. Lakini jile ya kuelea, mara nyingi haiko.

Kule Jinja, Uganda, pahali Nile inatoka katika ziwa Victoria, watu wanalipa ili wapitishe siku nzima katika maji makali. Kwao ni mchezo. Wanapanda mtumbwi wa mpira uliojazwa hewa, kila mutu na kasia yake. Lakini tuangalie vile wanaanza.

Asubuhi, kila mutu anavaa kofia ngumu na jile. Kiongozi anapita, anakaza mikanda yeye mwenyewe. Kisha wanaenda kwanza kwenye maji yaliyotulia, na pale wanapindua mtumbwi kwa kusudi! Kila mutu anajifunza kulala mgongo juu ya maji, miguu mbele, ili jiwe likutane na miguu, si kichwa. Mitumbwi midogo inawafuata kwa kuokota wenye kuanguka.

Maji makali wanayahesabu kwa ngazi, tangu 1 mpaka 6. Wakifika kwenye ngazi ya 6, abiria wanatoka majini, wanatembea kandokando ya mto, wanarudi kupanda mbele. Hakuna anayewacheka.

Hata kwetu watu walifanya vile, tena kwa chuma. Kati ya Kongolo na Kindu mto una mawe na maji makali. Ndiyo sababu reli ya kilomita 355 ilijengwa, ikamalizika 1911. Toka Kindu mpaka Ubundu mashua zinapita, karibu kilomita 300. Kisha yanakuja maporomoko 7 ya Boyoma, na reli ingine ya kilomita 125 mpaka Kisangani. Pahali mto unakataa, watu walishuka.

Asiyeshuka, mto haumuulizi jina. Mwezi wa 8, 1985, Mfaransa Philippe de Dieuleveult, aliyejulikana sana kwenye televizyo, alikuwa anashuka mto wetu na wenzake kwa mitumbwi ya mpira. Safari yao ilikatika karibu na Inga: watu 7 walipotea. Hawakuwa watu wa kukosa vyombo.

Basi, ndugu mchimbaji, tufanye nini? Watu wa shimo moja wanaweza kuchanga pesa na kununua jile, kidogo kidogo, wakianzia na za watoto. Mtumbwi ukijaa mpaka maji yanakaribia ukingo, ngojea mwingine. Upepo ukipanda ao usiku ukiingia, lala Alunguli. Mtumbwi wa mti ukipinduka, ushikilie, juu mti unaelea; usifuate mzigo.

Wewe unajua: shimoni, udongo ukianza kudondoka, unatoka mbio, hauulizi mashine itabaki na nani. Mtoni ni vile vile. Pesa itatafutwa tena. Baba wa watoto, hapana.