Kabla ya kumruhusu fundi ang'oe mtambo wa ABS

TAA ya manjano yenye herufi ABS inapowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzima, wenye magari wengi humwendea fundi wakiwa na swali moja: itanigharimu pesa ngapi? Jibu likiwa ni bei ya mtambo mzima, mara nyingi fundi huwa na ushauri wa pili. Mtambo ung'olewe, paipu za breki ziunganishwe moja kwa moja, balbu ya taa itolewe na safari iendelee. Mteja akisita, huambiwa kwamba Datsun za zamani hazikuwa na ABS na bado zilikuwa zikisimama.

Ni kweli hazikuwa nayo. Lakini magari mengi yaliyoundwa bila ABS yana kifaa kingine, vali ndogo ya kugawanya nguvu za breki, ambacho gari lenye ABS ya kisasa kwa kawaida halina. Hilo ndilo jambo ambalo huwa halisemwi pale gereji.

Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari huegemea mbele. Magurudumu ya mbele hukandamizwa barabarani, yale ya nyuma hubaki mepesi. Yote yakipewa nguvu sawa, ya nyuma ndiyo hukwama kwanza, yaani huacha kuzunguka ilhali gari lingali linakwenda. Gurudumu lililokwama haliwezi tena kulizuia gari lisiteleze kando, na hivyo mkia wa gari hutaka kuipita pua. Aliyewahi kuona gari likizunguka hivyo kwenye mteremko uliolowa mvua hahitaji maelezo zaidi.

Ile vali ya zamani ilizuia balaa hilo kwa kupunguza shinikizo la mafuta ya breki yanayoelekea nyuma. Watengenezaji walipoboresha ABS, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka wa 1978 katika magari makubwa ya Mercedes-Benz, hatimaye waliukabidhi mtambo huo kazi hiyo pia. Vihisio kwenye magurudumu hupima kasi ya kila moja na kuijulisha kompyuta ndogo. Gurudumu likikaribia kukwama, kompyuta hufunga na kufungua vali za mtambo mara kadhaa kwa sekunde moja, nalo gurudumu huendelea kuzunguka. Huko ndiko kutetemeka ambako dereva huhisi mguuni na ambako wengi hudhani ni hitilafu, wakaondoa mguu wakati ule ule wanapopaswa kuzidi kukanyaga.

Basi fundi anapoung'oa mtambo na kuziunganisha paipu, magurudumu ya nyuma huanza kupokea shinikizo lote bila kupunguziwa. Katika mwendo wa kawaida wa mjini dereva hatahisi lolote. Atasifu hata kazi ya fundi. Tofauti huonekana siku atakapolazimika kukanyaga breki kwa ghafla, akiwa kwa mfano kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa, na mtoto au ng'ombe yuko mbele yake.

Aidha, gari lenye ABS iliyoharibika na gari lililong'olewa mtambo si kitu kimoja. Mfumo unapojizima, vali zake hubaki wazi na breki za kawaida hufanya kazi. Mara nyingi, ikiwa kasoro ni ya kihisio kimoja tu, ule ugawaji wa nguvu baina ya mbele na nyuma bado huendelea. Kwa hivyo asiye na pesa za matengenezo leo ni afadhali aache mtambo ulivyo, aendeshe polepole na kuacha nafasi kubwa mbele yake, kuliko kuung'oa. Hali hubadilika iwapo taa nyekundu ya breki imewaka pamoja na ile ya manjano, kwani huenda ugawaji huo nao umekoma au mafuta ya breki yamepungua. Mtambo ukivujisha mafuta, gari lisiendeshwe kabisa.

Wapo wanaoitaka ABS iondoke kwa sababu nyingine. Madereva wa barabara za changarawe husema gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama, nao hawakosei. Gurudumu lililokwama hurundika udongo mbele yake na udongo huo husaidia kulizuia gari. Lakini gari hilo halifuati usukani, na barabara hizo hizo ndizo zenye kona na mitaro.

La kusikitisha ni kwamba mitambo mingi hulaumiwa bure. Kihisio kilichojaa tope, waya uliokatika karibu na gurudumu, beringi iliyochakaa au betri dhaifu vyote vyaweza kuiwasha taa hiyo, na kurekebisha vitu hivyo ni rahisi mno kuliko kununua mtambo. Mwambie fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla hajashika spana. Na mtambo ukiwa umekufa kweli, tazama mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu hewani, na yasipobadilishwa kwa miaka mingi maji hayo huleta kutu ndani ya vali. Watengenezaji wengi hupendekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Kuna pia wanaotaka kuuhamisha tu, labda kwa sababu gari liligongwa mbele au limewekwa injini kubwa zaidi. Hilo linawezekana, ila si kazi ya kubahatisha. Mtambo ukae mbali na joto la ekzosi, juu ya mipira yake, ukielekea ulivyoelekea mwanzoni, maana katika baadhi ya magari humo ndani mna kihisio cha mwelekeo wa gari. Kila paipu irudi kwenye tundu lake. Zikibadilishana, kompyuta itaona gurudumu la kushoto limekwama na kulegeza breki ya kulia. Hewa nayo itolewe yote, na magari mengi huhitaji ile mashine ya kompyuta ili kuzifungua vali za ndani, la sivyo kanyagio litabaki laini kama sifongo.

Anayesisitiza kuishi bila ABS atafute gari la muundo ule ule lililouzwa bila mfumo huo, achukue silinda kuu ya breki, vali ya kugawanya na paipu zake zote. Vilevile amuulize fundi kuhusu kipimo cha mwendo na gia, kwani katika magari mengi hivyo navyo hutegemea vihisio vya ABS. Fundi akidai hakuna haja ya vali, basi ufunguo wa gari usiachwe pale.